Kabla ya Kupita Langoni: Ya Kufanya na Kutofanya Siku ya Tamasha la Renesansi

Tamasha la kwanza la Renesansi huko Marekani lilifanyika Los Angeles mwaka 1963. Phyllis na Ron Patterson walilianzisha ili kuchangisha fedha za kituo cha redio cha KPFK. Leo yako mengi: Shakopee karibu na Minneapolis, Todd Mission kaskazini magharibi mwa Houston, Crownsville huko Maryland, na lile la Bristol ambalo, licha ya jina lake la Kiingereza, liko Wisconsin kati ya Chicago na Milwaukee. Huigiza maisha ya Ulaya ya kale, na ndani yake kuna mitaa ya vibanda vya mbao, wafalme na malkia wanaotembea katikati ya watu, wapanda farasi wenye deraya, wahunzi na wafinyanzi. Familia zetu zinazoishi huko nazo huenda, na zinafanya vyema kwenda.

Lakini ni siku ndefu, ya gharama, ya jua na vumbi. Wazazi wengi huipanga wakifikiria picha watakazopiga. Ipange ukimfikiria aliye dhaifu kuliko wote garini: mtoto anayenyonya, bibi mwenye magoti mabovu, kijana mwenye pumu. Mengine yote yafuate hapo.

Nunua tiketi mapema, na uinunue kwa wenye tamasha. Matamasha haya hufunguliwa hasa wikendi, kwa wiki chache. La Bristol huanza Julai na kumalizika kwenye Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. La Texas huwa Oktoba na Novemba. Baadhi huuza tiketi za tarehe maalumu, na ukikosea tarehe utasimama langoni na watoto wanaolia. Usitegemee kurudishiwa fedha kwa sababu ya mvua, kwani kwa kawaida shughuli huendelea iwe mvua, liwe jua. Soma masharti yote ukiwa nyumbani: wanachoruhusu kuingizwa, kama kigari cha mtoto kinapita, kama mkitoka mtaruhusiwa kurudi. Ukiyasoma foleni ikiwa nyuma yako, umechelewa.

Usimpeleke mtu aliyekimbia vita bila kumweleza kuhusu milio. Hili nalisema kwa uzito kuliko yote. Kuna matamasha yanayofyatua mizinga, bunduki za kale na baruti bila risasi. Kwa mtoto aliyezaliwa Minneapolis ni burudani. Kwa mama aliyetoka Kivu akiwa na mtoto mgongoni, au mjomba aliyevuka mpaka wa Burundi usiku, mwili husikia kabla akili haijaelewa. Mweleze siku kadhaa kabla, kwa lugha yake, na umwonyeshe video. Ukifika, uliza mizinga hupigwa saa ngapi na upande gani, kisha umweke mbali na hapo. Akisema hataki kwenda, mwache abaki nyumbani kwa heshima, tena usimwite mwoga mbele ya watoto. Na mtoto aliyefika Marekani akiwa mkubwa naye aulizwe vilevile. Kunyamaza kwake kusikupe uhakika kwamba amesahau.

Vaeni nguo zinazopumua. Mavazi ya nailoni yanayouzwa madukani, yale ya binti mfalme na ya shujaa, humpika mtoto katika jua la Agosti. Watu wa zama za Renesansi walivaa kitani na sufu. Gauni la pamba, mkanda wa ngozi na kilemba vinatosha kabisa. Kama unataka kuvaa kanga, kitenge au kanzu, vaa bila wasiwasi. Mji wa bandari wa karne ya 16 ulipokea wasafiri wa kila namna, na mavazi ya pwani yetu ni ya zamani za kutosha kusimama mbele ya malkia yeyote. Viatu viwe vya kufunika vidole, kwa sababu ardhi ni changarawe, nyasi kavu na, mvua ikinyesha, tope. Mtoto mchanga abebwe kwa mbeleko; kigari hukwama. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni mwake mwenyewe, kwani ikibaki garini haimfai kitu.

Usimkabidhi mtoto upanga bila kuujulia sheria. Matamasha mengi huruhusu silaha za mapambo ikiwa zimekaa ndani ya ala na zimefungwa zisichomoke. Walinzi langoni hukagua, na mara nyingi huzifunga wenyewe. Upanga wa mbao ukinunuliwa ndani, mfundishe mtoto papo hapo: hauchomolewi, hauelekezwi kwa mtu, hausogezwi karibu na farasi. Akivunja agizo mara moja, uchukue mpaka mfike nyumbani. Usimwonee haya muuzaji anayekutazama.

Kuleni kabla ya kuingia. Chakula cha nje mara nyingi hakiruhusiwi, na cha ndani ni ghali. Chapati, mayai ya kuchemsha na matunda mle kwenye maegesho, mkiwa mmetulia. Maji ni jambo jingine: uliza kama chupa zinaruhusiwa, na kama zinaruhusiwa, kila mtu awe na yake. Mtoto anayesema hana kiu saa sita mchana anywe hivyo hivyo. Funikeni vinywaji vitamu, kwa maana mwishoni mwa majira ya joto nyigu hufuata sukari mpaka ndani ya kikombe.

Familia ya Kiislamu isidanganyike na harufu. Lile paja kubwa la bata mzinga ambalo kila mtu hutembea nalo, kwa kawaida halikuchinjwa kwa utaratibu wetu, na soseji nyingi ni za nguruwe. Wala lisiaminike kuwa ndicho chakula cha kila siku cha Ulaya ya kale. Bata mzinga ni ndege wa Amerika, naye aliingia Uingereza karne hiyohiyo ya 16. Beba mkeka mwepesi na ujue kibla mapema; kona tulivu ya kuswali adhuhuri na alasiri hupatikana ukiitafuta asubuhi, kabla umati haujajaa.

Wasimulieni watoto historia mkiwa njiani, nanyi msimulie ya kweli. Msiache mtoto Mwafrika apite lango lile akidhani ameingia katika hadithi isiyomhusu. Katika mashindano ya mikuki ya Westminster mwaka 1511, Mfalme Henry wa Nane alipokuwa akisherehekea kuzaliwa kwa mwanawe, mmoja wa wapiga tarumbeta alikuwa Mwafrika aliyeitwa John Blanke. Amechorwa juu ya farasi, akiwa na kilemba kichwani, kwenye hati ndefu ya michoro ya mashindano hayo, na amechorwa humo mara mbili. Alikuwa akilipwa peni 8 kwa siku. Mwenzake alipofariki, Blanke alimwandikia mfalme kuomba nafasi yake na ujira wa peni 16, naye akakubaliwa. Msimulieni mtoto hasa hicho kisa cha ujira: mtu mweusi katika ikulu ya Kiingereza, aliyejua thamani ya kazi yake na kuidai kwa maandishi.

Yuko pia Jacques Francis, mpiga mbizi kutoka Afrika Magharibi, aliyeajiriwa kutafuta mali kwenye mabaki ya Mary Rose, meli ya kivita ya mfalme iliyozama mwaka 1545. Mwaka 1548 alitoa ushahidi mahakamani. Kuna waliojaribu kuukataa kwa kumwita mtumwa, lakini ushahidi wake umebaki katika kumbukumbu za mahakama hadi leo.

Kisha warudisheni nyumbani kwa simulizi. Tamasha la Bristol huigiza mwaka 1574, ambapo kweli Elizabeth wa Kwanza aliutembelea mji wa Bristol wa Uingereza. Wakati huo Wareno walikuwa tayari wamefika pwani yetu: Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498, na mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zikaporwa, na Mombasa ikachomwa. Mwaka 1593, malkia yuleyule akiwa bado kwenye kiti, ujenzi wa Fort Jesus ulianza Mombasa kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu wa Kiitaliano. Kuta zile ni Renesansi yenyewe, ya mawe ya matumbawe, kando ya bahari yetu, na mizinga ya kweli ilisimama juu yake. Mtoto anayejua haya atamtazama mfalme wa maigizo kwa furaha na kwa akili pamoja. Usimnyime kimojawapo.

Usiruhusu mkono wa mgeni kwenye nywele za binti yako. Siku ya mavazi watu husahau mipaka. Mfundishe mtoto kusema hapana kwa sauti, nawe uwe karibu kuisisitiza. Akiulizwa "hasa" ametoka wapi, ana haki ya kujibu kwa jina la mtaa anaoishi. Wala usikubali avishwe kuwa mtumwa wa mtu katika mchezo wowote, hata wenzake wakisema ni utani.

Kaeni mbali na uzio wa farasi. Hata pale mshindi wa mikuki alipopangwa mapema, farasi ni wa kweli, na vipande vya mkuki unaovunjika huruka. Mchezo huu ulimuua mfalme: mwaka 1559, mjini Paris, kibanzi cha mkuki kilipenya kwenye kofia ya chuma ya Henri wa Pili wa Ufaransa, akafariki siku 10 baadaye. Fikeni mapema mpate viti, watoto waketi, asiwepo wa kupanda juu ya uzio wala wa kubebwa mabegani mbele ya wengine. Hakuna kumrushia farasi kitu wala kumpapasa bila ruhusa ya mshika hatamu.

Kagua maonyesho kabla ya kuketi. Si kila jukwaa ni la watoto. Wachekeshaji wengine hutumia matusi na mafumbo ya chumbani, na pombe huuzwa wazi. Baadhi ya matamasha huweka alama kwenye ratiba kuonyesha maonyesho ya watu wazima. Chukua ratiba langoni na uulize wahudumu. Mkijikuta mmeketi pasipofaa, inukeni mara moja. Kumtazama mwenzako kwa aibu huku mtoto akisikiliza si malezi.

Usiondoke kofia inapopitishwa. Wasanii wengi huishi kwa kile watazamaji wanachotia kofiani mwisho wa onyesho. Mmecheka nusu saa nzima. Kuinuka na kujifanya mnaharakisha kwenda chooni ni kumdhulumu mtu jasho lake mbele ya watoto wenu. Bebeni noti ndogo ndogo tangu nyumbani, kwani foleni ya mashine ya kutolea fedha huwa ndefu, nayo hukata ada. Mtoto ndiye atie fedha kofiani, na aseme asante.

Heshimu bei ya fundi. Najua tulivyolelewa Kariakoo na Gikomba, na sioni ubaya wowote katika kujadiliana bei. Lakini mfinyanzi na mhunzi wa tamasha kwa kawaida hulipia nafasi yao, na wengine hufuata matamasha mwaka mzima wakiuza walichokitengeneza kwa mikono. Uliza mara moja kwa adabu. Akisema bei ni hiyo, lipa au uende. Usipige picha kazi zake bila idhini. Ukimkuta mhunzi hana wateja, simameni naye, mwulize kuhusu moto na rangi ya chuma. Mafundi wengi hufurahi kueleza, na mtoto aliyesikia habari za babu yake mhunzi atauliza maswali ambayo wengine hawaulizi. Michezo ya bembea na ya kuzungushwa kwa nguvu za mikono hulipiwa kando na tiketi, kwa hiyo kila mtoto aambiwe idadi yake asubuhi, na isiongezwe kwa kilio.

Weka alama kwa kila anayeweza kupotea. Mpige kila mtoto picha mkiegesha gari, ili ionekane amevaa nini leo. Umwandikie namba ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika. Bibi asiyejua Kiingereza apewe karatasi yenye namba hiyo na sentensi moja ya kuomba msaada. Chagueni mahali pa kukutania pasipohama: mnara, lango, mti mkubwa. Usiseme "pale kwa mfalme". Mfalme hutembea.

Ondokeni saa moja kabla ya kufunga. Wakitoka watu wote kwa pamoja, barabara za vijijini zinazozunguka maeneo haya hujaa magari, na mtoto aliyechoka hutapika paja la bata mzinga kwenye kiti cha nyuma. Piga picha ya nguzo au alama mliyoegesha karibu nayo. Acha maji na nguo safi garini tangu asubuhi. Dereva asiguse mvinyo wa asali hata kikombe kimoja, hata akisisitizwa na anayemwita bwana mkubwa. Hesabu vichwa kabla ya kuwasha injini, kisha hesabu tena.