Dada, nimekunywa mbili tu

Wadogo zangu, leo tuzungumzie pombe na simu. Wengi wenu mna programu za kuhesabu hatua na siku za hedhi, lakini ukimuuliza mtu wiki iliyopita amekunywa chupa ngapi, jibu ni lilelile: mbili tu.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso liitwalo AUDIT. Ni maswali 10, unayajibu kwenye simu kwa dakika chache. Kila swali lina alama 0 hadi 4. Ukifikisha 8, unywaji wako umeshakuwa wa hatari. Ukifikisha 20, mwone mtaalamu. Linauliza kama umewahi kushindwa kuacha ukishaanza. Linauliza kama asubuhi unahitaji kuzimua ndipo upate nguvu ya kuanza siku, na kama kuna ndugu, rafiki au daktari aliyekushauri upunguze.

Kwenye kiasi ndipo watu wanapojipunja hesabu. Kinywaji kimoja cha dodoso ni gramu 10 za kilevi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20. Kwa hiyo zile "mbili tu" zako ni vinywaji vinne. Kama huamini kumbukumbu yako, omba taarifa ya miamala ya M-Pesa ya mwezi mzima, kisha pitia malipo ya baa kuanzia Ijumaa jioni. Utakutana na raundi ulizokwisha kuzisahau.

Kuna wanaotaka kumwekea mdogo wao programu ya kumpeleleza, wakihisi anavuta au anabwia kitu. Hapana, msifanye hivyo. Pesa kupotea, simu za usiku wa manane na kulala mchana kutwa vinaweza kuwa dalili za dawa za kulevya, lakini pia za kubeti, madeni au sonona. Akigundua umemchungulia, atabadili namba ya siri, na siku akizidiwa hatakuita wewe. Kaa naye, jazeni dodoso pamoja, na wewe ujaze la kwako mbele yake. Kwa bangi, mirungi na unga lipo dodoso lingine la shirika hilohilo, ASSIST.

Chagueni kwa uangalifu programu ya kujazia dodoso. Ikidai jina lako kamili na orodha ya watu uliowahifadhi kwenye simu kabla haijakuuliza swali la kwanza, ifute. Majibu haya ni siri yako. Yakivuja yanaweza kukugharimu kazi. Unaweza hata kuyanakili maswali kwenye daftari ukajumlisha mwenyewe.

Alama si hukumu, wala dodoso si daktari. Na hili nawaomba mlishike: kama mikono inatetemeka asubuhi mpaka unywe, usiache pombe ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa mara moja unaweza kupata degedege, na mtu anaweza kufa. Nenda hospitali uache chini ya uangalizi. Kwa wanaotumia unga, Tanzania ina kliniki za methadoni, zilizoanzia Muhimbili mwaka 2011.

Ukikwama, Tanzania piga 119 kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kenya piga 1192 kwa NACADA, mamlaka kama hiyo ya huko. Namba zote mbili ni bure.