SOMO LETU: TUTAJUAJE KAMA SIMU INASAIDIA MTU KUACHA SIGARA?



Hapa Ahero sigara haiko mbali: iko stendi, iko sokoni, iko hata kwenye mashamba ya mpunga. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 12 kati ya kila 100 nchini Kenya walikuwa wakitumia tumbaku. Siku hizi anayetaka kuacha huambiwa kuna programu za simu zinazotuma ujumbe wa kumtia moyo. Je, zinasaidia kweli?

1. Ushuhuda mmoja hautoshi

Jamaa akisema, "Mimi niliacha kwa ile programu," tufurahi naye. Lakini wako pia wanaoacha bila programu yoyote. Kwa hiyo wapimaji hugawa watu makundi mawili kwa kura: hawa wapate programu, wale wasipate. Mwishowe huhesabu walioacha kila upande. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya programu. Bila kura, wenye nia kali ndio watakaoikimbilia, nayo itasifiwa kwa kazi isiyo yake.

2. Mdomo peke yake hautoshi

Mtu huona haya kusema amerudia. Huko Uingereza jaribio la txt2stop, lililochapishwa 2011, lilikuwa na wavutaji 5,800. Kundi moja lilitumiwa ujumbe wa kuwasaidia kuacha. La pili ujumbe usiohusu kuacha. Baada ya miezi 6, waliosema wameacha walipimwa mate, maana mate huonyesha dalili za nikotini. Katika kila 100, waliosaidiwa walioacha walikuwa kama 11. Upande wa pili kama 5. Si muujiza. Lakini ujumbe wa simu ni bei rahisi, na hao 6 wa ziada ni baba na mama za watu.

3. Tupime hapa kwetu pia

Kilichofaa Uingereza huenda kisifae kwetu. Jirani zetu wa Chulaimbo, Kisumu hii hii, walishiriki jaribio mwaka 2007 na 2008. Lilihusu dawa za UKIMWI, si sigara, lakini funzo ni letu. Kati ya wagonjwa 431, wengine walikumbushwa kwa SMS kila siku, wengine kila wiki, wengine hawakutumiwa. Kifuniko cha chupa ya dawa kiliweka hesabu chenyewe kila kilipofunguliwa. Kwa wiki 48, waliotumia dawa vizuri walikuwa 53 kwa kila 100 waliokumbushwa kila wiki, na 40 kwa wasiotumiwa. Ujumbe wa kila siku haukuongeza kitu! Nani angekisia hivyo bila kupima?

4. Ukiletewa programu, uliza:

- Ilipimwa na kundi la kulinganisha?
- Walifuatwa miezi 6, au wiki mbili tu?
- Walionyamaza walihesabiwaje? Ni salama kuwahesabu kuwa bado wanavuta.
- Inatumia lugha yetu, na simu ndogo isiyo na intaneti?

Anayetaka kuacha leo asingoje majaribio. Apige 1192, namba ya bure ya NACADA, au amwone mhudumu wa afya.

Maswali ya kikundi

1. Kwa nini tunagawa watu kwa kura?
2. Ujumbe gani ungemsaidia mvutaji wa hapa Ahero, na ufike saa ngapi?
3. Tutahakikishaje ameacha bila kumwaibisha?