Hasira ya Mgonjwa na Amri ya Tano



Somo la mwezi huu latokana na neno ambalo wengi wenu mmelisikia likizungumzwa vibarazani, katika maduka ya vipuri hapa Gerezani, na hata mlangoni pa kanisa baada ya ibada. Neno lenyewe ni hili: mtu akinyimwa matibabu na wale aliokwisha kuwalipa fedha zake, je, uchungu wake waweza kumpa haki ya kumwaga damu? Wako wajibuo upesi kwamba hauwezi. Wasema kweli, lakini upesi wao hauwasaidii wenye uchungu. Wako pia wajibuo kwamba waweza, na hao tusiwadharau, maana si wachache.

Habari iliyozusha maneno haya ilitoka Marekani. Asubuhi ya tarehe 4 Desemba 2024, katika mji wa New York, Brian Thompson, mkuu wa kampuni ya bima ya afya iitwayo UnitedHealthcare, alipigwa risasi kutoka nyuma nje ya hoteli alipokuwa akienda mkutanoni, akafa. Alikuwa mtu wa miaka 50, baba wa watoto wawili. Juu ya risasi na maganda yake yalionekana maneno yaliyoandikwa, na mawili katika hayo maana yake ni kuchelewesha na kukataa, ndiyo mambo ambayo watu wa nchi ile huyalaumu makampuni ya bima kwa kuyafanya. Siku tano baadaye kijana wa miaka 26, Luigi Mangione, alikamatwa katika mji wa Altoona, jimbo la Pennsylvania, akashtakiwa kwa mauaji yale; naye alikana. Kama ni yeye au siye, hilo ni la mahakama, wala si letu.

Letu ni kuyatazama yaliyotokea baada ya risasi. Watu wengi sana walifurahi. Waliandika hadharani habari za mama zao walionyimwa dawa na za wake zao waliocheleweshewa kibali mpaka ugonjwa ukawashinda. Wakachanga fedha za kumtetea mshtakiwa, na wengine wakamwita shujaa. Polisi walisema kwamba hawakuona dalili yo yote ya yeye kuwa mteja wa kampuni ile. Watu hawafurahii kifo cha mtu wasiyemjua pasipo sababu. Furaha ya namna hiyo ni kidonda kilichofunikwa siku nyingi, na mwenye kukemea furaha asiyetaka kukitazama kidonda amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

Wala tusiseme kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani. Sisi tunao Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Mtu akatwaye hivyo miaka ishirini huiona kadi ile kuwa ni mali yake, kama shamba alilolilima. Basi tarehe 1 Machi 2024 Mfuko ulianza kutumia kitita kipya cha bei za huduma. Hospitali kadhaa za binafsi zikasema kwamba bei zile hazitoshi hata gharama zao, zikasitisha kuwapokea wenye kadi. Wenye hospitali walikuwa na hesabu zao, na Mfuko ulikuwa na zake. Lakini mwenye kuhitaji kusafishwa damu siku ile hakuwa na hesabu. Alikuwa na kadi mkononi. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, wazazi waliokuwa wakilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, kwa Toto Afya Kadi, waliambiwa kwamba uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja umesitishwa, wakawaandikishe kwa njia ya shule. Na mtoto anyonyaye, shule yake ni ipi? Ndivyo walivyouliza akina mama, na swali lao lilikuwa jema. Hata hivyo yafaa tuisikie na sababu ya upande wa pili: wazazi wengi walikuwa wakingoja mpaka mtoto augue ndipo wamwandikishe, hata fedha zilizotoka zikazipita mno zilizoingia. Bima ni kikapu ambacho wazima hutia ili wagonjwa watoe. Wakitia wagonjwa peke yao, kikapu hakiwezi kujaa. Tena wako miongoni mwetu wamwazimao binamu kadi ili atibiwe kwa jina lisilo lake, nao huona ni huruma. Si huruma. Ni kuutia mkono katika kikapu cha wengine.

Haya yote nayataja ili ijulikane kwamba uchungu upo, tena una sababu, lakini sababu zake zina mizizi mingi kuliko mtu mmoja awezaye kupigwa risasi.

Sasa turudi kwetu mitaani. Kila mtu akaaye Gerezani na Kariakoo ayajua mambo haya: sauti moja hupiga kelele, "Mwizi!", na kabla hujageuka watu mia wamekwisha kumzunguka kijana mmoja. Mwenye simu iliyonyakuliwa mara nyingine hayupo tena, amekwenda zake. Wampigao hawajui alichoiba, wala kama ameiba. Kituo cha polisi cha Msimbazi hakiko mbali, lakini tairi huwa karibu zaidi. Na siku ya pili magazeti huandika kwamba mtu ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Utazameni usemi huo vizuri, ndugu. Jina la mwuaji halimo. Kilichoandikwa ni hasira, kana kwamba hasira ndiyo iliyoshika jiwe, na watu wenyewe walikuwa wakipita njia tu.

Ukiwauliza waliokuwapo kwa nini walipiga, hawatakuambia habari za simu. Watakuambia kwamba wezi hukamatwa leo na kuonekana mtaani kesho. Kwamba walikwenda kituoni wakaombwa fedha. Kwamba kodi ya pango imepanda na biashara imelala. Yaani hasira yao ilikuwa ya mambo mengi na ya watu wakubwa, lakini ilimwangukia kibaka mwenye kandambili. Ndiyo desturi ya hasira ya kundi: humwangukia aliye karibu. Hivyo hivyo na hasira ya bima. Waliopanga bei wako ofisini, ghorofani. Anayetukanwa na kutishwa ni binti aliyeketi dirishani pa kadi, ambaye hakupanga neno lo lote, na muuguzi wa zamu ya usiku. Walio New York watasema kwamba huko hasira ilimpata mkubwa mwenyewe. Ni kweli. Lakini kiti chake kilikaliwa na mwingine, na kampuni iliendelea na kazi yake.

Hapo mtu mwenye akili atapinga, akisema: Mbona siku moja tu baada ya mauaji yale, kampuni nyingine, jina lake Anthem, iliiondoa kanuni yake ya kupunguza malipo ya dawa ya usingizi mgonjwa apasuliwapo muda mrefu? Je, damu haikufanya kazi? Tusilikwepe swali hili. Chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani kilikuwa kimekwisha kuipinga kanuni ile hadharani tangu Novemba, na wakuu wa serikali za majimbo walikuwa wameanza kuikemea. Lakini hata tukikubali kwamba hofu ilitia haraka, bado haki iliyoletwa na hofu hudumu muda ule ule udumuo hofu. Tajiri akiisha kuweka walinzi na kupandisha ukuta, hofu huisha. Asiyeweza kuweka walinzi ni yule binti wa dirishani.

Sheria ya nchi yetu nayo haikusahau kwamba mwanadamu hukasirika. Kanuni ya Adhabu yasema kwamba mtu aliyechokozwa ghafula, akaua katika moto wa hasira kabla ya moyo wake kupata nafasi ya kupoa, hatahukumiwa kama mwuaji wa kukusudia. Hosia hiyo ni ndogo. Hatia haimtoki, hupunguzwa tu. Tena ni kwa aliyechokozwa mwenyewe, na kwa muda ule ule. Mwenye kumvizia mtu alfajiri, baada ya kuandika maneno juu ya risasi, hana nafasi katika mlango huo. Wala mwenye kukimbia kutoka mtaa wa pili ili apate kurusha jiwe lake moja.

Twende katika Amri ya Tano. Wengi huisoma kana kwamba yahusu kisu na bunduki tu. Luther hakuifundisha hivyo. Katika Katekisimo Ndogo aliongeza wajibu wa kumsaidia jirani katika shida za mwili wake; na katika Katekisimo Kubwa alifundisha kwamba mwenye kumwacha mtu afe kwa njaa, hali aliweza kumlisha, amemwua. Basi amri hii ina makali mawili. Humkata mwenye bastola. Humkata pia mwenye kalamu ambaye, akijua kwamba mgonjwa ana haki ya kutibiwa, huandika "imekataliwa" ili faida ya mwaka iongezeke. Mkristo afanyaye kazi katika ofisi ya bima asiseme kwamba somo hili ni la vijana wa sokoni. Lakini ubaya wa huyu wa pili haumpi wa kwanza kiti cha hakimu. Amri ni moja, nasi hatuwezi kuivunja ili kumwadhibu aliyeivunja.

Maandiko yanatupa watu wawili waliokasirika kwa haki. Wa kwanza ni Musa, katika Kutoka mlango wa 2. Alimwona Mmisri akimpiga Mwebrania. Akatazama huku na huku, asione mtu. Akaua, akafukia mchangani. Nani atasema kwamba hasira yake haikuwa na sababu? Lakini siku ya pili Waebrania wenyewe hawakumkubali kuwa mwamuzi wao, naye akakimbilia Midiani, na hesabu ya matofali haikupungua hata tofali moja.

Wa pili ni Nehemia, katika mlango wa 5 wa kitabu chake. Watu wamelia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na watoto wao wametiwa utumwani kwa ajili ya deni. Nehemia akakasirika sana. Kisha, neno hili wengi hulipita, akafanya shauri moyoni mwake kwanza. Ndipo akawakemea wakuu mbele ya mkutano mkubwa, wakakosa la kujibu; akawaapisha mbele ya makuhani kwamba watarudisha. Naye mwenyewe hakuwa amekula posho ya liwali. Hasira yake haikuwa ndogo kuliko ya Musa, lakini ilifanya kazi mchana, mbele ya watu, na mashamba yakarudi.

Wala tusidhani kwamba njia hiyo ni ya zamani. Tarehe 15 Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao kwa sababu ya malalamiko juu ya kodi, usajili wa maghala na kikosi kazi cha wakusanya kodi. Tarehe 17 Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alikuja Mnazi Mmoja akawasikiliza, watu wakisimama mmoja mmoja na kunena mbele yake, mpaka akatoa amri juu ya kikosi kile. Sisemi kwamba mambo yote yalikwisha. Mwaka 2024 maduka yalifungwa tena. Nasema kwamba walijua kukasirika.

Basi mwenye kukataliwa matibabu aombe jibu kwa maandishi, pamoja na tarehe na sababu, wala asitoke dirishani na neno la mdomo tu. Kwa bima za makampuni iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, nazo hupokea malalamiko ya mtu mmoja. Asiyejua kuandika barua hiyo aende kwa mzee wa kanisa, na mzee asimwambie tu kwamba atamwombea. Aketi naye, aandike.

Wasomao somo hili katika jumuiya na wazungumze hivi. Je, katika mtaa wetu ni nani aliyewahi kuuawa na "wananchi wenye hasira kali", na mama yake anakaa wapi sasa? Je, yuko mgonjwa katika sharika aliyekataliwa, ambaye barua yake haijaandikwa? Na yule binti wa dirishani pa kadi, ambaye labda ameketi katika benchi letu Jumapili, amekwisha kuulizwa na mtu ye yote jinsi anavyolala usiku?