Dhamana ya Nyumba ya Kukodi

Hutukia vijana wanafunzi wakakodi nyumba pamoja, na siku ya kuhama mlango umevunjika na kuta zimechorwa. Wakidaiwa, hujibu: "Kodi tumelipa." Yapasa tulieleze jambo hili.

Kodi ni thamani ya manufaa, yaani kukaa. Si thamani ya nyumba yenyewe. Kwa wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, nyumba mkononi mwa mpangaji ni amana. Kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida hakilipi. Kilichoharibika kwa kupita mpaka au kwa uzembe, ni juu yake kukilipa. Na kutokusudia huondoa dhambi, hakuondoi deni la alichokivunja kwa mkono wake.

Amepokea Bukhari kwa Anas kuwa mmoja wa wake za Mtume (s.a.w.) alivunja chombo cha mwenziwe kwa wivu. Mtume akakizuia kilichovunjika, akampelekea mwenyewe kizima.

Basi vijana wetu wasijifiche nyuma ya wingi wao. Aliyeharibu na ajitaje. Asipojulikana, twawanasihi wachange wote kabla ya kurudisha ufunguo, kwani huenda kodi ya nyumba ile ndiyo riziki ya mayatima. Mwenye nyumba akisamehe, ni hisani yake. Wao hawana haki ya kujisamehe. Haki ya mja haifutwi kwa wingi wa sala wala saumu, bali kwa kulipwa au kusamehewa na mwenyewe.