Mbuzi ya Nazi Kutoka Kandara: Somo Dogo la Kazi ya Makumbusho

Wengi wenu huniuliza, "Hivi wewe kule makumbusho ya chuo unafanya nini hasa, unafuta vumbi?" Basi leo nawapa somo, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza wa kujitolea, makumbusho ya sanaa ya chuo kimoja hapa Riyadh yalikuwa yanakusanya vyombo vya nyumbani. Nikaenda Kandara, Jeddah, mtaa ambao Waafrika walikuwa hawakosi. (Wakenya msicheke, si Kandara ya Murang'a.) Bi mkubwa mmoja wa Mombasa alikuwa anafunga mizigo, anarudi kwao moja kwa moja. Akanipa mbuzi yake ya kukunia nazi na kanga kuukuu. Nikashukuru, nikatia kwenye begi, nikapanda basi. Wala sikumuuliza kitu!

Sasa, Jeddah iko baharini, hewa yake ina unyevu. Riyadh ni kavu kama jiko. Mti uliokaa miaka kwenye unyevu ukikaushwa ghafla hujikunja. Wiki chache tu, ufa ukatokea pale miguu inapopishana. Kumbe ilitakiwa niiache ndani ya boksi lililofungwa vizuri, izoee hewa mpya pole pole.

Lakini ufa si kitu. Balaa ilikuwa rejista. Kila kitu kinachoingia hupewa namba, kisha unaandika: nani alikitengeneza, kwa mti gani, wapi, lini, kimepita mikono ya nani. Mimi nikaandika "mbuzi, mti, Afrika Mashariki". Yaani aibu tupu.

Kanga ilinisitiri kidogo. Ukingoni mwake palichapwa "Mali ya Abdulla" na herufi K.H.E., alama ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa. Kanga inajitaja yenyewe. Tuliiviringisha kwenye bomba la karatasi isiyo na asidi, maana mikunjo hukata nyuzi. Namba tukaishona juu ya utepe wa pamba, na mwanga hatuzidishi lux 50.

Mkitaka kuona kazi ya maandishi, nendeni makumbusho ya akiolojia ya Chuo Kikuu cha King Saud. Vitu vya Qaryat al-Faw, mji wa kale ukingoni mwa jangwa la Rub al-Khali, vilichimbuliwa kuanzia 1972 chini ya Profesa Abdulrahman al-Ansary. Vingine vilifika hadi Louvre mwaka 2010, na mji wenyewe uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2024. Sanamu ya shaba inajulikana ilitoka mahali gani na ilikuwa pamoja na nini. Ingenunuliwa sokoni bila maelezo, ingekuwa pambo tu.

Mwishowe nilipata namba ya bi mkubwa kwa jirani yake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mbona siku ile hukuniuliza?" Akanisimulia nusu saa nzima: mbuzi ilikuwa ya mama yake, imechongwa kwa mwembe, na yeye ndiye aliyebadilisha ulimi wa chuma, mara mbili. Nikaandika hadi mkono ukauma.

Kisha akauliza, "Na huko mnaikunia nazi?" Nikamwambia hapana, iko kwenye kabati la kioo. Akanyamaza kidogo. "Sasa hao wanaoitazama," akasema, "wao nazi wanaikunia nini?"