Bekereli, Grei na Siveti: Kusoma Vipimo vya Mionzi Tukianzia Bahi

Ukitoka Dodoma mjini kwenda Manyoni, barabara inapita bonde la Bahi. Maji ya mvua kutoka kwenye miamba ya itale huishia humo, jua la kiangazi huyakausha, na chini hubaki chumvi na chokaa. Hubaki pia urani, iliyoyeyushwa na maji hayo hayo kutoka kwenye miamba. Hiyo ndiyo iliyowaleta watafiti wa madini Bahi na Manyoni, na tangu hapo wakulima wa mpunga wana haki ya kuuliza: mionzi iliyopo ni kiasi gani?

Kwanza tujue kinachopimwa. Kaanga bisi. Hujui punje ipi itapasuka sasa hivi, lakini unaweza kuhesabu zilizopasuka kwa dakika. Atomu za urani ziko hivyo, ila hazihitaji moto: kiini kimoja hubadilika ghafla na kurusha chembe. Badiliko moja kwa sekunde ni bekereli 1, jina la Mfaransa Henri Becquerel aliyegundua jambo hili mwaka 1896. Urani-238 hupungua kwa nusu baada ya miaka bilioni 4.5. Teknishiamu-99m inayotumika hospitalini hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6.

Bekereli huwatisha watu bure. Mwili wa mtu mzima una takriban bekereli 4,000 za potasiamu ya asili, na hauugui kwa hilo. Kipimo hiki kinaeleza chanzo tu, hakisemi lolote juu ya aliyesimama karibu nacho.

Nishati inayoingia mwilini hupimwa kwa grei: jouli 1 kwa kila kilo. Madhara yake hupimwa kwa siveti, kwa sababu mionzi haifanani kwa ukali. Grei moja ya mionzi ya alfa, inayorushwa na urani, huhesabiwa mara 20 ya grei moja ya mionzi ya gama. Lakini alfa huzuiwa na ngozi! Haidhuru mpaka iingie ndani, kwa vumbi unalovuta au maji unayokunywa. Kwa hiyo kwa mtu wa Bahi, vumbi la uchimbaji na maji ya kisima ni jambo la kuangaliwa kuliko kupita tu shambani. Tena urani ikinywewa huumiza figo kama metali nyingine nzito, mbali na mionzi yake.

Tuseme kifaa cha kupimia mionzi kinasoma mikrosiveti 0.2 kwa saa. Mwaka una saa 8,760. Ukizidisha unapata mikrosiveti 1,752, yaani milisiveti 1.75. Wastani wa dunia kwa mionzi yote ya asili, pamoja na ile ya hewa na chakula, ni milisiveti 2.4 kwa mwaka. Juu ya hiyo ya asili, na bila kuhesabu matibabu, shughuli za binadamu hazitakiwi kumwongezea mwananchi zaidi ya milisiveti 1 kwa mwaka. Kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa 20.

Usimamizi wa mionzi nchini ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Mtu akikuletea majibu ya maji ya kisima chenu, muulize ni bekereli ngapi kwa lita, na urani yenyewe ni mikrogramu ngapi. Majibu ya swali la kwanza hayajibu la pili.