Kufundisha Matabaka ya Dunia: Tutangulize Ushahidi, Majina Yafuate

Mada ya umbo la ndani la dunia hufundishwa mara nyingi kwa kuchora ubaoni yai lililokatwa na kuandika majina matatu: ganda, tabaka la kati na kiini. Mwanafunzi huyakariri na kupata alama zake. Lakini tukimwuliza ni nani aliyefika huko akaona, hunyamaza. Na tukimwuliza zaha ya Oldoinyo Lengai hutoka wapi, hujibu kwamba chini ya ganda kuna bahari ya moto. Jibu hilo si sahihi, na mchoro wa yai haumsaidii kulisahihisha. Twapendekeza hatua tatu.

Hatua ya kwanza: kujua bila kuvunja

Mwalimu alete mayai mawili, moja bichi na moja lililochemshwa. Wanafunzi wayazungushe mezani. Lililochemshwa huzunguka kwa wepesi; bichi huyumba na kusimama upesi, kwa kuwa ute haufuatani na gamba. Hivyo watatambua kwamba mwendo huweza kutoboa siri ya ndani.

Hatua ya pili: mawimbi ya tetemeko

Tetemeko la ardhi hupeleka ndani ya dunia mawimbi ya aina mbili. Wanafunzi kumi wasimame mstari mmoja, kila mmoja akishika mabega ya mwenzake. Wa nyuma akisukuma kidogo, msukumo hufika mbele: hilo ndilo wimbi la kwanza. La pili walionyeshe kwa kamba inayotikiswa juu na chini.

Wimbi la pili halipiti katika kimiminiko. Kwa kuwa hupita katika tabaka la kati hadi kina cha kilometa 2,900 hivi, tabaka hilo ni mwamba mgumu, ingawa husogea polepole mno katika mamilioni ya miaka. Hapo wimbi hukoma. Basi kiini cha nje, ambacho zaidi ni chuma, kimeyeyuka. Mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark, akichunguza kumbukumbu za tetemeko la Nyuzilandi la mwaka 1929, aliona mawimbi ya aina ya kwanza mahali yasipotazamiwa, akahitimisha kwamba katikati mna kiini kingine. Leo twajua kuwa hicho ni kigumu.

Zaha, basi, hutokana na sehemu chache ambako mwamba wa chini huyeyuka kwa kiasi, wala si bahari iliyoenea kote.

Hatua ya tatu: vipimo uwanjani

Kwa kamba na chaki, wanafunzi wachore duara lenye nusu kipenyo cha sentimeta 64, kila sentimeta ikiwa kilometa 100. Ndani yake wachore kiini cha nje kwa sentimeta 35, na cha ndani kwa sentimeta 12. Ganda la mabara, lenye wastani wa kilometa 35 hivi, halizidi upana wa mstari wa chaki. Shimo la Kola huko Urusi, lililofikia meta 12,262 mwaka 1989, ni kama milimeta moja tu.

Tathmini

Badala ya "Taja matabaka ya dunia", mwalimu aulize: "Twajuaje kwamba tabaka la kati si kimiminiko?" Mwanafunzi awezaye kujibu hilo kwa maneno yake mwenyewe ameelewa somo.